Kisiwa Mwishoni mwa Waya: Pemba na Historia ya Kufikiwa

Matumizi mengi ya intaneti ya nyumbani ni ya kuchota. Mtu hufungua gazeti, hutazama filamu au husoma barua, na kila mara ni simu au kompyuta yake inayoanza mazungumzo na mtambo wa mbali, kisha jibu hurudi kwa njia ileile iliyopitiwa na ombi. Kuendesha mchezo wa mtandaoni kutoka nyumbani ni kazi ya namna nyingine, kwa kuwa kompyuta ya mwenye nyumba hugeuka seva, yaani mtambo unaotunza hali ya mchezo mzima na kuwapasha wachezaji wote kila kinachobadilika, na wachezaji hao ndio wanaobisha hodi kutoka nje. Mwenyeji asiyeweza kufikiwa hana mchezo, hata kama yeye mwenyewe anapakua filamu kwa kasi ya kuridhisha. Anayeijaribu kazi hii katika kisiwa cha Pemba, kwa mfano kwa kutaka kuwakaribisha ndugu zake wa Unguja, Mombasa na Maskati katika mchezo wa Minecraft, hugundua mapema jambo ambalo msomaji wa habari anaweza kuishi miaka mingi bila kulihisi: muunganisho wake ulijengwa ili achote, haukujengwa ili afikiwe.

Hali hiyo haikuletwa na intaneti. Ni tabia ya zamani ya mawasiliano ya Pemba, kisiwa ambacho kwa zaidi ya miaka 100 kimekaa mwishoni mwa waya wa mahali pengine, kikipokea habari baada ya wengine na kuzituma kupitia kwa wengine. Hitilafu nyingi zinazotafutwa leo ndani ya ruta, yaani vifaa vinavyoiunganisha nyumba na intaneti, za miji ya Wete, Chake Chake na Mkoani hazieleweki vizuri bila kuifuata historia hiyo tangu mwanzo wake, kwa sababu ruta ni kituo cha mwisho tu cha njia ndefu ambayo mpango wake uliamuliwa kwa sehemu kubwa kabla ya mwenye ruta kuzaliwa.

Sababu ya kwanza ni bahari. Unguja imekaa juu ya maji ya kina kifupi, na mkondo unaoitenga na Bagamoyo na Dar es Salaam si kizuizi kikubwa kwa anayetandaza waya. Pemba, kinyume chake, imetengwa na mwambao wa Tanga kwa mkondo wenye upana wa kilomita 50 hivi, ambao kina chake mahali pengine hukaribia mita 800. Wavuvi wa Pemba wamefaidika kwa vizazi vingi na kina hicho, kwa kuwa ndicho kinachowaleta jodari na nduwaro karibu na pwani, lakini mhandisi wa nyaya hulazimika kukilipia kwa waya mzito zaidi, meli maalumu na gharama kubwa ya kuuopoa waya unapokatika. Kwa hiyo kila kizazi cha teknolojia kilipofika, swali la Pemba lilijibiwa baada ya swali la Unguja.

Waya wa kwanza wa telegrafu, yaani simu ya maandishi inayosafirishwa kwa ishara za umeme, ulifika Unguja mwaka 1879 katika utawala wa Sayyid Barghash. Ulikuwa sehemu ya waya wa chini ya bahari uliotandazwa na kampuni ya Kiingereza ya Eastern and South African Telegraph kutoka Aden hadi Zanzibar, Msumbiji, Ghuba ya Delagoa na Durban. Haraka ya kuutandaza ilitokana na vita vya Waingereza na Wazulu, kwa kuwa habari za kushindwa kwa jeshi la Uingereza huko Isandlwana mwezi Januari mwaka huohuo zilichukua majuma matatu hivi kufika London. Zanzibar, basi, iliunganishwa kwa sababu ilikuwa njiani. Mwaka 1890 waya mwingine uliiunganisha na Mombasa, na mwaka huohuo Wajerumani wakaziunganisha Bagamoyo na Dar es Salaam na kituo cha Zanzibar, kisha mwaka 1893 ukaongezwa waya wa kwenda Shelisheli na Morisi. Mtaa wa Shangani katika Mji Mkongwe wa Unguja ukawa njia panda ya habari za Bahari ya Hindi ya magharibi. Katika ramani hiyo yote, Pemba ilirukwa.

Kurukwa huko kunashangaza kwa yeyote anayekumbuka utajiri wa Zanzibar ulitoka wapi wakati huo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja lakini hakikuidhuru sana ya Pemba, hivi kwamba katika miongo iliyofuata sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, zilizokuwa mhimili wa hazina ya nchi, ilichumwa Pemba. Bei ya karafuu iliamuliwa katika masoko ya London, Bombay na New York, nayo ilifika Mji Mkongwe kwa waya. Kwa mwenye shamba wa Wete au Chake Chake ilifika kwa jahazi au kwa meli, imechelewa, na mara nyingi kupitia midomo ya wanunuzi walewale waliokuja kuzinunua karafuu zake. Madeni yaliyowabana wenye mashamba wa Pemba yalikuwa na sababu nyingi, zikiwemo za mfumo wenyewe wa mikopo na mabadiliko yaliyofuata kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1897, lakini kuchelewa kwa habari hakuwezi kuachwa nje ya hesabu. Aliyekuwa karibu na waya alijua kwanza, na aliyejua kwanza alipanga bei.

Miaka ya mwanzo ya karne ya 20 serikali ya ulinzi wa Kiingereza iliiunganisha Pemba na Unguja kwa telegrafu isiyotumia waya, ile ambayo baadaye ilizoeleka kwa jina la simu ya upepo. Yalikuwa maendeleo ya kweli, kwa kuwa habari ya maradhi, ya mazao au ya meli iliweza kuvuka bahari kwa dakika badala ya siku. Hata hivyo umbo la mawasiliano halikubadilika: ujumbe wa kwenda London au Bombay ulipita kwanza Unguja, ukaandikwa upya na karani, ukaingia katika waya wa kampuni na kusubiri zamu yake nyuma ya ujumbe wa serikali na wa wafanyabiashara wakubwa. Pemba ilikuwa na sauti, lakini ilizungumza kupitia kwa mkalimani mmoja tu, naye alikaa kisiwa cha pili.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 na Muungano, simu za Zanzibar ziliingia hatua kwa hatua katika mashirika ya Afrika Mashariki na kisha ya Tanzania. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa Longonot nchini Kenya, na mazungumzo ya eneo hili na Ulaya yakaanza kupanda angani badala ya kutegemea nyaya za kale na mawimbi ya redio. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda Shirika la Posta na Simu, ambalo mwaka 1994 liligawanywa na upande wa simu ukawa TTCL. Inafaa kueleza hapa tabia moja ya setilaiti za enzi hiyo, kwa kuwa inahusu michezo moja kwa moja. Setilaiti inayoonekana kusimama mahali pamoja angani hukaa umbali wa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ishara inayopanda, kushuka, kujibiwa, kupanda tena na kushuka tena husafiri zaidi ya kilomita 140,000, jambo linalochukua karibu nusu sekunde hata kwa mwendo wa mwanga. Nusu sekunde hiyo huitwa ucheleweshaji, yaani muda kati ya kutuma na kupata jibu. Kwa barua si kitu, kwa mazungumzo ya simu ni usumbufu unaovumilika, na kwa mchezo wa kukimbizana ni kifo cha mchezo.

Intaneti ilipoingia Tanzania katikati ya miaka ya 1990 na kuenea mijini kwa vibanda vya intaneti, ilipita kwenye nyaya za simu za kawaida kwa msaada wa modemu, kifaa kinachogeuza data kuwa sauti na sauti kuwa data. Modemu ya mtindo uliosanifishwa mwaka 1998 iliweza kupokea hadi biti 56,000 kwa sekunde, lakini kutuma iliishia biti 33,600. Tofauti hiyo kati ya kupakua na kupakia ilizaliwa kama matokeo ya ufundi wa vituo vya simu, kisha ikageuka kuwa falsafa: nyaya za kasi zilizofuata, zile za ADSL, ziliongeza pengo makusudi, na mitandao ya simu za mkononi ikairithi. Waliobuni waliamini kwamba mtu wa nyumbani ni mlaji wa data, kwa hiyo alipewa bomba pana la kuingizia na jembamba la kutolea. Mwenyeji wa mchezo ndiye aliyeumizwa zaidi na imani hiyo, kwa sababu kila mchezaji anayeongezeka anahitaji nakala yake ya matukio itoke katika bomba lile jembamba.

Michezo yenyewe ilikuwa ikipitia mabadiliko yake wakati huohuo. Mchezo wa Doom wa mwaka 1993 ulipelekea kompyuta zote zisubiriane, hivi kwamba aliye mbali zaidi aliwachelewesha wote. Quake, uliotoka mwaka 1996 katika kampuni hiyohiyo ya id Software, ulimweka mwenyeji mmoja katikati na wengine wakawa wageni wake, na kabla mwaka haujaisha mtunzi wake wa programu, John Carmack, alitoa toleo la QuakeWorld lililoifanya kompyuta ya mgeni ikisie matokeo ya hatua zake bila kungoja jibu, kwa kuwa wachezaji wa modemu hawakuweza kuvumilia ucheleweshaji. Kutoka hapo ndipo ulipopatikana utaratibu unaotumika hadi leo, wa Minecraft na wa michezo mingi mingine: pana mwenyeji, pana wageni, na haki ya mchezo hutegemea njia iliyo baina yao.

Wapemba hawakuhitaji kufundishwa maana ya kuandaa mchezo. Mchezo wa ng'ombe, unaohusishwa na enzi za Wareno, umekuwa ukifanyika vijijini baada ya mavuno kwa ngoma na zumari, na kijiji kinachoandaa hujivunia wingi wa wageni wake. Bao nalo huchezwa popote penye ubao, kete na watu wenye subira. Kilichokuwa kigeni ni kwamba mwandaaji wa mchezo wa kompyuta anaweza kuwa na kila kitu, kuanzia kompyuta nzuri hadi wageni waliokwisha kukubali mwaliko, na bado nyumba yake isipatikane.

Mabadiliko makubwa zaidi katika historia ya mawasiliano ya Pemba yalitokea ndani ya muda wa mwaka mmoja hivi. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM, wenye urefu wa kilomita 17,000 hivi, ulianza kazi ukigusa Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka 2010 ukafuatiwa na EASSy, wa kilomita 10,000 hivi, unaotoka Mtunzini nchini Afrika Kusini hadi Port Sudan, ambao Zantel, kampuni ya simu iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1999, ilikuwa miongoni mwa wawekezaji wake. Mkongo ni fungu la nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazosafirisha data kwa mimweko ya mwanga. Serikali ya Tanzania ilikuwa wakati huo inajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa ajili ya kuusambaza uwezo huo bara, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikatandaza mkongo wake visiwani.

Mwezi Juni 2010, kwa ufadhili wa Norway, ulizinduliwa pia waya wa umeme wa kilovolti 33 uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Pemba, urefu wake ukipita kilomita 70, ndani yake mkiwa na nyuzi za kioo. Tukio hili halijapewa uzito unaostahili katika maandishi ya historia ya Zanzibar. Kabla ya hapo Pemba iliwashwa na jenereta za dizeli za Wesha, karibu na Chake Chake, zilizokuwa ghali na dhaifu. Unguja ilikuwa na waya wake wa umeme kutoka bara tangu mwaka 1980, na waya huo ulipopata hitilafu mwezi Mei 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, ilhali Pemba haikuguswa kwa kuwa haikuwa imefungamana na mtu. Kuanzia Juni 2010 Pemba nayo ilifungamana na gridi ya bara, ikapata umeme mwingi zaidi na wa uhakika zaidi kuliko ilivyowahi kuwa nao, na kwa mara ya kwanza bahari ile ya mita mamia ikavukwa kwa nyuzi zenye uwezo wa kubeba data bila kupanda hewani. Kisiwa kilichosubiri tangu mwaka 1879 kilifikiwa na waya baada ya miaka 131, na kilifikiwa moja kwa moja kutoka Tanga, bila kupitia Shangani.

Iwapo historia ingeishia hapo, mwenyeji wa mchezo wa Wete angekuwa na haki ya kutarajia mengi. Lakini mwaka uliofuata kilitokea kisa kingine, mbali kabisa na Pemba, kilichoziba tena mlango uliokuwa umeanza kufunguka. Kila kifaa kinachotaka kufikiwa katika intaneti kinahitaji anwani, yaani namba isiyofanana na ya kifaa kingine chochote. Mfumo wa anwani uliotumika tangu miaka ya 1980, uitwao IPv4, una namba bilioni 4.3 tu, nazo ziligawanywa mapema kwa waliotangulia. Chuo kikuu kimoja cha Marekani, MIT, kilishikilia peke yake zaidi ya anwani milioni 16. AFRINIC, shirika linalogawa anwani kwa Afrika kutoka Morisi, lilitambuliwa rasmi mwaka 2005, wakati sehemu kubwa ya hazina ilikuwa imekwisha kugawanywa. Tarehe 3 Februari 2011 hazina kuu ya dunia ilimalizika, na mwaka 2017 AFRINIC yenyewe ikaanza kugawa akiba yake ya mwisho kwa mgawo mdogo mdogo. Hayo yalitokea katika miaka ileile ambayo simu za intaneti zilikuwa zinaenea Pemba, kisiwa ambacho sensa ya mwaka 2022 ilikihesabia watu 543,441.

Kampuni za simu zilitatua uhaba huo kwa kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mtambo wa kampuni ukabaki na orodha ya nani ameomba nini ili majibu yanaporudi yamfikie mwenyewe. Utaratibu huo unafanana na sanduku la posta la skuli: barua za wanafunzi hutoka, na majibu yaliyoandikwa jina hupokelewa vizuri, lakini barua ya mgeni iliyoandikwa namba ya sanduku tu haina wa kuichukua. Kwa anayechota, mpango huu hauonekani kabisa. Kwa mwenyeji wa mchezo ni ukuta, kwa sababu hodi ya mgeni wake hufika katika mtambo wa kampuni, pengine Dar es Salaam, na hufia hapo kwa kukosa jina katika orodha. Mwaka 2012 ulitengwa hata mkoba maalumu wa anwani kwa ajili ya kazi hii, zile zinazoanza na 100.64 hadi 100.127, na kwa kuwa nyumba nyingi za Pemba hupata intaneti kwa mitandao ya simu za mkononi, wengi wa wenye ruta kisiwani wamo nyuma ya ukuta wa aina hii bila kujua.

Hapa ndipo historia inapokuwa na faida ya kikazi, kwa maana inafundisha mpangilio wa kutafuta hitilafu. Mazoea ya wengi ni kuilaumu waifai, kisha kununua kifurushi kikubwa zaidi, kisha kubadilisha ruta, na kila hatua hugharimu fedha. Utaratibu wenye mantiki huanza kwa swali la anwani, kwa sababu likijibiwa vibaya mengine yote hayana maana. Mwenye nyumba hufungua ukurasa wa ruta yake na kusoma anwani ambayo kampuni imeipatia, kisha huilinganisha na anwani ambayo tovuti za nje huiona anapozitembelea. Zikifanana, ruta yake ina anwani ya umma na inaweza kufikiwa. Zikitofautiana, au anwani ya ruta ikianza na 10, au na 192.168, au na 172.16 hadi 172.31, au ikiwa katika mkoba wa 100.64 uliotajwa, basi yupo nyuma ya anwani ya pamoja, na hakuna mpangilio wa ruta utakaomwokoa.

Aliye na anwani ya umma hubaki na kazi ndogo. Kila huduma ndani ya kompyuta husikiliza kwenye mlango wake, yaani namba iliyo kati ya 0 na 65,535 inayotofautisha huduma moja na nyingine. Seva ya Minecraft ya toleo la kompyuta, kwa kawaida, husikiliza mlango wa 25565. Ruta huelekezwa kwamba hodi yoyote ya mlango huo ipelekwe kwa kompyuta fulani ya nyumbani, kompyuta hiyo hupewa anwani ya ndani isiyobadilika ili ruta isiipoteze kesho, na programu ya ulinzi ya kompyuta huruhusiwa kuipokea hodi hiyo. Kosa linalosahaulika mara nyingi ni la nyumba zenye ruta mbili, moja ya kampuni na nyingine iliyonunuliwa dukani, ambapo hodi huruhusiwa katika ya pili na kuzuiwa katika ya kwanza. Kosa jingine ni kujijaribu ukiwa ndani ya nyumba ileile, jambo ambalo ruta nyingi haziliwezi. Jaribio la kuaminika hufanywa na mtu wa nje, au kwa simu inayotumia mtandao mwingine.

Wageni wakishaingia, huja malalamiko ya mchezo kukwama, na hapo inafaa kupima njia kipande kwa kipande. Kipimo cha ping hutuma pakiti ndogo, yaani kipande cha data, na kuhesabu muda wa jibu kwa milisekunde, ambazo 1,000 hufanya sekunde moja. Kikielekezwa kwanza kwa ruta yenyewe, jibu linapaswa kurudi kwa milisekunde chache. Likipanda na kushuka ovyo, tatizo ni waifai, na waya wa kawaida kutoka ruta hadi kwenye kompyuta ya seva ni tiba iliyo bora kuliko zote. Nyumba za Pemba zilizojengwa kwa mawe na chokaa au kwa matofali ya saruji hudhoofisha mawimbi vya kutosha kuufanya waya huo kuwa sharti, si anasa. Kipimo kikielekezwa kwenye mtambo wa kwanza wa kampuni na kuwa kizuri mchana lakini kibovu saa mbili usiku, chanzo ni msongamano wa mnara, ambao mwenye nyumba hana la kuufanya ila kubadili saa au kubadili kampuni. Na kikiwa kizuri hadi pale mtu mmoja ndani ya nyumba anapoanza kutuma picha za harusi kwa jamaa, basi foleni imejaa katika lile bomba jembamba la kupakia. Tatizo hili, ambalo mhandisi wa Marekani Jim Gettys alilifichua waziwazi mwishoni mwa mwaka 2010, hutibiwa kwa kuiwekea ruta kikomo cha kupakia kilicho chini kidogo ya uwezo halisi wa laini, ili foleni isijengeke.

Kukatika kwa umeme kunastahili kutajwa pamoja na hayo. Seva ikizimika ghafla inaweza kuharibu kumbukumbu za mchezo wa miezi, na ruta ikizimika kwa dakika moja huweza kurudi na anwani mpya ambayo wageni hawaijui. Betri ndogo ya kuiwezesha ruta na kompyuta kudumu kwa muda mfupi, pamoja na huduma inayolifungamanisha jina lisilobadilika na anwani inayobadilika, huondoa sehemu kubwa ya usumbufu huo kwa gharama ya chini kuliko kompyuta mpya.

Kinachobaki ni umbali, ambao hautibiki. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za njia huongeza milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Wete na Mombasa haziko mbalimbali sana, lakini pakiti haifuati njia ya jahazi. Hufuata mikataba ya kampuni, na yaweza kushuka hadi Dar es Salaam na hata kuvuka mipaka mingine kabla haijafika Mombasa. Mgeni wa Maskati, ambaye pengine babu yake aliondoka Pemba kwa chombo cha pepo za kusi, hufikiwa kwa mzunguko mrefu zaidi. Vituo vikubwa vya data vilivyofunguliwa Afrika Kusini, cha Microsoft mwaka 2019 na cha Amazon mwaka 2020, viliisogeza karibu baadhi ya michezo ambayo zamani ilitegemea Ulaya, lakini viliongeza utegemezi kwenye mikongo ya upande wa kusini. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja katika bahari ya kusini mwa Afrika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya, na mwenye ruta wa Pemba aliyeizima na kuiwasha siku hiyo alikuwa anatafuta ndani ya chumba chake hitilafu iliyokuwa maelfu ya kilomita kutoka kwake.

Kwa walio nyuma ya anwani ya pamoja zimebaki njia tatu. Ya kwanza ni kuutoa mchezo nyumbani na kuuweka kwenye seva ya kukodi, au kuyaacha mambo yote nyumbani na kukodi mahali pa nje tu pa kupokelea hodi, ambapo kompyuta ya Wete huanzisha yenyewe mawasiliano na kuyaacha wazi, na wageni hupitia humo. Njia hii hufanya kazi, lakini inamrudisha Mpemba kwenye mpango wa zamani wa kuzungumza kupitia kwa mkalimani, na huongeza ucheleweshaji kwa kiasi cha umbali wa mahali hapo. Ya pili ni kuacha intaneti kabisa na kucheza katika mtandao wa ndani, ambapo simu na kompyuta kadhaa huungana na ruta moja au na waifai ya simu moja bila kutumia bando, na ambao kwa ubora wa mchezo hauna mshindani. Ya tatu ni mfumo mpya wa anwani, IPv6, uliopangwa tangu mwaka 1998 na wenye namba nyingi kiasi cha kila kifaa cha kila nyumba kupata yake, ambao ukifika hadi kwenye ruta na ukiwa umeruhusiwa pia upande wa mgeni huondoa haja ya anwani ya pamoja. Kampuni kadhaa huuza pia anwani ya umma isiyobadilika, kwa kawaida kwa wateja wa biashara. Kijana wa Pemba anayetaka kufungua seva atafanya vyema kuiuliza kampuni yake, kabla ya kulipia kifurushi kikubwa zaidi, kama anwani hiyo inapatikana kwa laini ya nyumbani na kama IPv6 imewashwa katika mnara unaomhudumia, kwa kuwa kasi inayotangazwa katika mabango ya vocha ni kasi ya kupakua, na haisemi lolote kuhusu kufikiwa.